Chungulia ukurasa kabla ya kuufungua: jinsi ya kutafuta kwenye mtandao bila kumaliza bando

Umevuna mahindi, umeyaweka kwenye magunia, na baada ya miezi miwili unafungua gunia moja unakuta punje zimetobolewa na unga mwingi umejaa chini. Jirani anatazama mara moja tu na kusema, "Huyo ni dumuzi." Unatoa simu mfukoni. Bando limebaki MB 60. Unaandika neno moja, dumuzi, unagusa jibu la kwanza, unasubiri ukurasa ufunguke, na unajikuta unasoma habari za Dumuzi, mungu wa wachungaji aliyeabudiwa na Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo. Unarudi nyuma, unagusa jibu la pili: ni mungu yule yule. La tatu lina picha ya kibao cha udongo. Mahindi yanaendelea kuliwa na bando linaendelea kupungua.

Jina la mdudu wetu na jina la mungu wa Wasumeri huandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Google haiwezi kujua kama anayeuliza amesimama Dutwa mbele ya gunia lake au ni mwanafunzi wa historia. Jicho lako, hata hivyo, lingejua kwa sekunde moja. Kama kabla ya kufungua chochote ungegusa neno Picha lililo juu ya majibu, ungeona sanamu za mawe na vibao vya udongo, ungejua umepotea, na ungeongeza maneno mawili: dumuzi wa mahindi.

Makala haya yanahusu kazi hiyo ya kuchungulia: kuutazama ukurasa kwa picha, kwa umbo na kwa anwani yake kabla ya kuufungua. Tunaandika kwa ajili ya msikilizaji mwenye simu janja na bando dogo. Mwenye simu ya kitochi hatapata mengi hapa ya kufanya kwa simu yake, lakini sehemu ya mwisho, inayohusu ujumbe wa utapeli, inamhusu yeye pia.

Kila ukurasa una uzito

Kuuona ukurasa kwenye simu ni kuupakua. Maandishi ni mepesi. Uzito unatokana na picha, matangazo na video zinazoanza kucheza zenyewe. Ukurasa wa kawaida wa siku hizi hufikia MB 2 au zaidi. Ukifungua kurasa kumi ambazo si ulizozitaka, MB 20 zimeondoka na hujapata jibu. Orodha ya majibu yenyewe, pamoja na vijipicha vyake, ni nyepesi kuliko kurasa hizo zote zikifunguliwa. Kwa hiyo dakika moja ya kuisoma vizuri orodha ni dakika iliyotumika vizuri.

Wengi wetu hatuisomi. Tunagusa jibu la kwanza kwa sababu liko juu. Jibu la juu kabisa mara nyingine ni tangazo la kulipiwa, na Google huliwekea alama ya kusema hivyo, ila maandishi yake ni madogo. Chini ya matangazo ndipo majibu halisi yanapoanza. Kila jibu lina nembo ndogo ya tovuti, jina la tovuti, anwani, kichwa cha habari, na mistari miwili au mitatu iliyochukuliwa ndani ya ukurasa. Baadhi ya majibu huwa na kijipicha pembeni. Nembo na jina la tovuti vilipandishwa juu ya kila jibu kwenye simu mwaka 2019, ili mtu aone kwanza anakwenda kwa nani kabla ya kuona anaambiwa nini.

Wataalamu waliwahi kupima faida ya vijipicha hivi. Mwaka 2001 Allison Woodruff na wenzake wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC, huko Palo Alto, California, waliwapa watu kazi ya kutafuta majibu kwenye kurasa za mtandao kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa muhtasari wa maandishi tu. Ya pili ilikuwa picha ndogo ya ukurasa mzima. Ya tatu ilikuwa picha ndogo ambayo juu yake maneno yaliyotafutwa yameandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka. Kwa wastani, waliotumia maandishi matupu walichukua sekunde 95 kupata jibu, waliotumia picha tupu sekunde 86, na waliotumia picha yenye maneno sekunde 67.

Lakini ndani ya utafiti huo kuna jambo ambalo kwetu lina maana kuliko wastani. Kuna maswali ambayo maandishi yalishinda picha, na kuna maswali ambayo picha ilishinda maandishi. Ukitafuta sura ya kitu, picha hukufikisha haraka. Ukitafuta tarehe, bei au jina la ofisi, picha haikusaidii sana na mistari ile miwili chini ya kichwa ndiyo ya kusoma. Kabla ya kuanza kutafuta, jiulize: jibu ninalolitaka linaonekana au linasomeka?

Kampuni za utafutaji zilijaribu kuweka picha ya ukurasa moja kwa moja kwenye majibu. Ask Jeeves waliweka alama ya darubini mwaka 2004. Ukiigusa unaona sura ya ukurasa. Google nao walileta huduma kama hiyo Novemba 2010, wakaiondoa mwaka 2013 wakieleza kwamba watu walioitumia walikuwa wachache. Kwa hiyo usiitafute picha ya ukurasa mzima kwenye majibu ya Google, haipo tena. Kilichobaki ni sehemu ya Picha, vijipicha vya hapa na pale, na njia za kuchungulia zilizomo kwenye programu unayofungulia mtandao.

Mdudu wa ghalani na mdudu wa shambani

Turudi kwa dumuzi, maana hapa ndipo picha inapookoa chakula cha nyumba nzima.

Waharibifu wawili wakubwa wa mahindi ghalani ni dumuzi na fukusi. Wote ni wadogo, wote wana rangi ya kahawia iliyokolea, na mtu mwenye haraka huwaita wote wadudu. Fukusi ana pua ndefu iliyochongoka mbele, inaonekana hata kwa macho ukimweka kwenye kiganja. Dumuzi hana pua hiyo. Mwili wake ni mfano wa kipande cha mti kilichokatwa, mviringo na mrefu, na kichwa kimejificha chini ya mabega hivi kwamba ukimtazama kwa juu hukioni. Dumuzi pia huacha unga mwingi kuliko fukusi, na hula mihogo mikavu kama anavyokula mahindi.

Dumuzi si wa kwetu kwa asili. Alitoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akasambaa. Jina la Scania, ambalo wengi hulitumia hadi leo, ni la hapa hapa Tanzania; ukiliandika Google peke yake utaletewa malori.

Kwa nini tofauti ya pua iwe na uzito hivyo? Kwa sababu dawa inayomudu fukusi peke yake haitoshi kwa dumuzi. Ndiyo maana dawa nyingi za ghalani zinazouzwa nchini huchanganya viambato viwili: kimoja kwa ajili ya huyu, kingine kwa ajili ya yule. Anayenunua kwa kubahatisha anaweza kupulizia gunia lote na bado akalikuta limeliwa.

Kwa hiyo tafuta hivi. Andika dumuzi wa mahindi, kisha gusa Picha. Usifungue tovuti yoyote bado. Pitisha macho. Ukigusa picha moja inakuzwa hapo hapo, na chini yake unaona jina la tovuti ilikotoka. Tovuti yenyewe haifunguki mpaka uiguse kwa mara ya pili. Linganisha na mdudu aliye kiganjani mwako: ana pua au hana? Rudia kwa kuandika fukusi wa mahindi. Ukishajua ni yupi, ndipo urudi kwenye majibu ya maandishi kutafuta namna ya kumdhibiti, na hapo unafungua ukurasa mmoja au miwili tu.

Jina la kisayansi nalo husaidia sana, hata kama hujui kulitamka. Dumuzi ni Prostephanus truncatus. Hakuna mungu wala lori lenye jina hilo, kwa hiyo picha zote zitakazokuja ni za mdudu huyo au za uharibifu wake. Kurasa nyingi zitakuwa za Kiingereza, lakini picha haina lugha.

Mfano wa shambani ni kiwavijeshi vamizi. Huyu naye ni mgeni kutoka bara la Amerika. Alithibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufikia 2017 alikuwa ameingia Tanzania. Kuna kiwavijeshi tuliyemzoea tangu zamani, anayekuja kwa makundi na kufagia nyasi na mahindi kwa siku chache, na kuna bungua anayetoboa bua. Kwa maandishi wanachanganywa kila siku, hata kwenye habari za magazeti. Kwa picha, kuza sehemu ya nyuma ya kiwavi: kiwavijeshi vamizi ana madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba karibu na mkia, na kichwani ana mstari mweupe wenye umbo la Y iliyogeuzwa. Madoa manne ndiyo ya kuangalia zaidi. Jina lake la kisayansi ni Spodoptera frugiperda.

Hapa tuna onyo. Tovuti nyingi huweka picha yoyote ya kiwavi juu ya habari yoyote ya viwavi, kwa kuwa aliyeandika hajui tofauti. Usiamini picha moja. Ukiona alama zile zile kwenye tovuti tatu zisizofanana, na mojawapo ikiwa ya taasisi ya utafiti wa kilimo kama TARI au ya Wizara ya Kilimo, hapo umesimama penye ardhi ngumu. Na kama una mashaka, mpige mdudu wako picha ya karibu, kwenye mwanga, umpelekee afisa ugani kwa WhatsApp. Picha nzuri moja ni bora kuliko maelezo ya nusu saa kwa simu.

Neno pamba nalo

Mkoa wetu ni wa pamba, kwa hiyo tungetegemea neno hili lingekuwa rahisi kulitafuta. Si rahisi. Andika pamba peke yake na unaweza kuletewa timu ya mpira ya Pamba Jiji ya Mwanza, nguo za mitindo (kwa vijana, pamba ni nguo kali), pamba za hospitalini, na katikati yake ndipo zao lenyewe. Funza ni vivyo hivyo: wapo wa vidole vya miguu na wapo wa vitumba vya pamba, na ukichanganya hao wawili utapata picha ambazo hutaki kuziona wakati wa chakula.

Dawa ni ile ile. Gusa Picha kwanza, uone neno lako linaelekea wapi, kisha ongeza neno linalokosekana: funza wa vitumba vya pamba, bei ya pamba mbegu, vidukari kwenye pamba. Picha hapa hazijibu swali lako. Zinakuonyesha kwamba swali lako limeeleweka vibaya, na zinakuonyesha mapema, kabla hujalipia kurasa za watu wengine.

Kubonyeza bila kuachia

Sasa tuje kwenye mkono. Kwenye simu za Android, ukiwa ndani ya Chrome, usiguse jibu na kuachia. Weka kidole juu ya kichwa cha jibu na ukiache hapo kwa sekunde moja au mbili. Kitatokea kisanduku chenye orodha ya mambo unayoweza kufanya. Juu ya orodha hiyo pameandikwa anwani ya ukurasa. Kusoma anwani hiyo hakuli bando, maana hakuna kilichopakuliwa.

Ndani ya orodha, kwenye simu nyingi, kuna mstari wa kuchungulia ukurasa. Kama simu yako imewekwa Kiingereza umeandikwa "Preview page". Ukiugusa, ukurasa unapanda kutoka chini ya kioo kama pazia, na majibu yako ya utafutaji yanabaki nyuma yake. Ukiona sio, unalishusha pazia na uko pale pale ulipokuwa. Ukiona ndio, kuna alama ya kuufungua kwa ukubwa wake.

Watu wengi hudhani njia hii ni bure. Si bure. Ili kukuonyesha ukurasa, simu inaupakua kama kawaida. Faida yake ni mbili. Kwanza, ukiliona tu umbo la ukurasa na kugundua sio, unaufunga kabla haujamaliza kushusha picha na matangazo yake yote, na hicho kilichokuwa hakijashuka ndicho umeokoa. Pili, hupotezi orodha. Kwenye mtandao wa vijijini unaosuasua, kurudi nyuma kwa mshale wakati mwingine ni kupakua orodha upya.

Kwenye iPhone, ndani ya Safari, ukibonyeza jibu bila kuachia unaonyeshwa picha ya ukurasa moja kwa moja pamoja na jina la tovuti juu yake. Nako bando linatumika. Kuna sehemu ya kuificha picha hiyo ili ubaki na anwani peke yake.

Wanaotumia Opera Mini wana nafuu nyingine. Kurasa hupitia kwanza kwenye kompyuta za Opera, zinabanwa, ndipo zinakuja kwenye simu; wenyewe hudai zinaweza kupungua hadi asilimia 90. Unaweza pia kupunguza ubora wa picha au kuzizima kabisa. Ukizizima, bila shaka, kazi ya kumtambua dumuzi haiwezekani, kwa hiyo ziwashe unapotafuta mdudu na uzizime unaposoma habari. Baadhi ya fomu za maombi hazifanyi kazi vizuri ndani ya Opera Mini. Kwa hizo tumia Chrome. Chrome nayo ilikuwa na njia yake ya kuokoa data, ila Google waliifuta mwaka 2022, na bado tunaulizwa imekwenda wapi.

Umbo la ukurasa linasema nini

Ukishazoea kuchungulia, utaanza kutambua kurasa kwa umbo kama unavyotambua nyumba ya mganga na nyumba ya mwalimu kwa mbali. Ukurasa wenye jedwali una tarakimu: bei, ratiba, matokeo. Ukurasa wenye visanduku vitupu ni fomu, unataka taarifa zako. Ukurasa uliojaa vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua, huku maandishi yakiwa mistari mitatu, unataka kukuuzia au kukuingizia programu usiyoihitaji.

Jibu lenye alama ya PDF ni waraka kamili. Nyaraka nyingi za halmashauri na wizara huwekwa kwa namna hiyo, na nyingine zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo ni nzito kuliko ukurasa wa kawaida mara nyingi. Soma mistari chini ya kichwa kabla hujaigusa. Ukiona ni tangazo unalolihitaji, lipakue mara moja na lihifadhi. Litafunguka tena siku nyingine bila bando.

Na usidharau ukurasa usiovutia. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani, necta.go.tz, hazina urembo: rangi ya nyuma moja, orodha ndefu ya shule, na kwa kidato cha nne namba za vituo zinazoanza na herufi S. Hakuna tangazo la kamari pembeni wala ombi la namba ya simu. Siku matokeo yanapotoka, kurasa za watu wengine huwa na picha za wanafunzi wanaorukaruka kwa furaha na maandishi mekundu yanayosema bonyeza hapa. Mzazi wa Lagangabilili anayetafuta jina la mwanae aitafute ile iliyo kavu. Ni nyepesi pia, na siku hiyo ambapo kila mtu yupo mtandaoni, wepesi ni jambo kubwa.

Kijipicha cha WhatsApp kimewekwa na nani?

Hapa kuchungulia kunaweza kukugeuka, na tunaomba sehemu hii isomwe polepole.

Mtu anapotuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp, chini yake hutokea kijipicha, kichwa cha habari na anwani fupi. Wengi huchukulia kwamba WhatsApp imekwenda kuukagua ukurasa na kuleta picha yake. Sivyo. Kijipicha hicho hutengenezwa kwenye simu ya aliyetuma, kwa kuchukua picha na maneno ambayo mwenye tovuti mwenyewe ameyateua. Utaratibu huu wa mwenye tovuti kuteua picha ya kuonyeshwa ulianzishwa na Facebook mwaka 2010, na leo karibu programu zote za ujumbe zinaufuata. Kazi yake ya kawaida ni nzuri: gazeti linachagua picha ya habari yake. Lakini tapeli naye anachagua. Anaweza kuweka nembo ya Taifa, nembo ya benki au nembo ya kampuni ya simu, akaandika juu yake nafasi za kazi au bando la bure, na wewe utaiona nembo hiyo kwenye simu yako kama ilivyo.

Kwa hiyo kwenye WhatsApp picha haina thamani ya ushahidi. Cha kusoma ni anwani, na ina namna yake ya kusomwa. Itazame anwani, ruka ile sehemu ya https na mikwaju yake miwili, kisha tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata. Rudi nyuma kutoka hapo, kuelekea kushoto. Maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Anwani ya necta.go.tz/matokeo ni ya Baraza la Mitihani, kwa sababu kabla ya mkwaju pana necta.go.tz. Anwani kama necta.go.tz.mfano.com/matokeo si ya Baraza hata kidogo. Kabla ya mkwaju pana mfano.com, na hayo mengine ya mbele ni mapambo. Vivyo hivyo anwani yenye vistari, kama necta-go-tz.com: nukta zimebadilishwa kuwa vistari, na mwenye nyumba amebadilika.

Mwisho wa .go.tz hutolewa kwa taasisi za Serikali tu. Maombi ya kazi za Serikali yanayopitia Sekretarieti ya Ajira yako portal.ajira.go.tz, na hayalipiwi. Mikopo ya wanafunzi ni heslb.go.tz. Hali ya hewa ni meteo.go.tz. Habari za mkoa wetu ni simiyu.go.tz. Kuna shughuli nyingi halali zisizo na .go.tz, na tovuti ya duka au ya kanisa haina sababu ya kuwa nayo, lakini anayejiita Serikali bila .go.tz ana maswali ya kujibu. Alama ya kufuli iliyokuwa ikionekana pembeni ya anwani isikutulize: maana yake ni kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefungwa yasisomwe njiani. Haisemi upande wa pili yupo nani.

Ujumbe unaokutaka uusambaze kwenye makundi kumi ndipo upate zawadi, uuache. Hakuna haja ya kuuchungulia kwa njia yoyote tuliyoeleza, kwa sababu hata kuchungulia kwa Chrome ni kuufungua ukurasa huo. Ukitaka kuwa na hakika, ondoka WhatsApp, nenda Google, andika jina la taasisi inayotajwa, na uingie kupitia tovuti yake mwenyewe. Kama nafasi hizo za kazi zipo, zitakuwa zimetangazwa huko.

Kwa wale wanaopata utapeli kwa ujumbe wa kawaida wa simu, wakiwemo wa simu za kitochi, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitenga namba 15040. Ujumbe unautuma kama ulivyokuja kwenda namba hiyo. Usiufute kabla ya kuutuma, na usimjibu aliyekutumia.